SIYO UZEE, NI NJAA
Neno juu ya chakula cha wazee wetu kandokando ya Ziwa Tanganyika

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ni siku ambayo mapadre wengi hupita nyumba kwa nyumba kuwapelekea wagonjwa na wazee Komunyo Takatifu. Katika ziara moja ya namna hiyo, kusini ya Ujiji, niliingia katika nyumba ya mama mjane aliyekaribia miaka themanini. Nilimkuta amelala mchana kweupe, midomo imekauka, mikono imebaki mifupa na ngozi. Aliniita kwa jina la padre aliyefariki zamani. Mwanawe, mtu mzima na mwamini mwema, alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini: "Baba, tulishampeleka kwenye matibabu. Tuliambiwa ni uzee tu."

Nikamwuliza: "Jana mama alikula nini?" Akanyamaza. Mkewe ndiye aliyejibu: uji wa muhogo asubuhi, na usiku ugali kidogo kwa mchuzi. "Na dagaa je?" "Dagaa ni ghali, Baba. Tena yeye hana meno." Nilipotoka uani niliwaona dagaa wa familia ile wamekaushwa vizuri juu ya turubai, wakisubiri gunia na gari la kwenda mjini.

Nakiri mbele yenu kwamba siku ile sikusema neno. Nilitoa Sakramenti, nikasali, nikaenda zangu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimelikubali jibu lile la "uzee tu". Wanawake watatu wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya mtaa ule ndio waliokataa kulikubali. Hawakuomba ruhusa ya paroko. Walianza kupeleka maji yaliyochemshwa, uji wa karanga, maharage yaliyopondwa, na dagaa waliotwangwa katika kinu mpaka wakawa unga, wakachanganywa katika mchuzi wa mawese. Waliketi naye mpaka amalize. Baada ya miezi miwili nilimkuta ameketi mlangoni. Aliniita kwa jina langu, akanikemea kwa kuchelewa.

Uzee hauponi kwa unga wa dagaa. Kilichopona, basi, hakikuwa uzee.

Ndiyo maana Tume yetu imeona vema kuandika kijitabu hiki. Hatudai kwamba kila mzee dhaifu ni mwenye njaa. Yako maradhi yanayohitaji daktari, na iko saa ya kila mtu ambayo chakula hakiwezi kuiahirisha. Tunachodai ni kwamba tumejizoeza kuliita "uzee" jambo ambalo mara nyingi ni dhuluma ya mezani, na kwamba jina hilo linatupa sote usingizi mwororo: watoto, waganga, viongozi, na mapadre.

1. MWILI WA MZEE UNADAI NINI

Ipo fikra iliyoenea kwamba mzee, kwa kuwa halimi wala havui, ahitaji chakula kidogo tu. Fikra hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli huua kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba mtu akizeeka huhitaji chakula kidogo zaidi cha kutia nguvu. Lakini vyakula vya kujenga mwili havipungui. Mahitaji yake huongezeka. Kuanzia makamo, misuli ya mwanadamu hupungua mwaka hata mwaka, na mwili wa mzee huitumia protini kwa ufanisi mdogo kuliko mwili wa kijana. Mwaka 2013 jopo la kimataifa la wataalamu lilipendekeza kwamba aliyevuka miaka 65 apate kila siku protini kiasi cha gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, hali kipimo kilichozoeleka kwa mtu mzima ni gramu 0.8. Atolewe hapo mwenye ugonjwa mkubwa wa figo, ambaye yampasa kufuata neno la daktari wake.

Tufanye hesabu pamoja. Bibi wa kilo 50 anahitaji walau gramu 50 za protini kwa siku. Unga wa muhogo una gramu 2 hivi katika kila gramu 100. Hata akila gramu 400 za unga huo, sahani ambayo mvuvi kijana angeshiba, atapata gramu 8 tu. Ongeza sasa konzi ya dagaa wakavu, gramu 30: hao wenyewe wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, basi amepata nyingine 15 na zaidi. Ongeza gramu 100 za maharage makavu, ambayo Kigoma huyalima kwa wingi: amepata kama 20. Ongeza yai moja: 6. Hapo ndipo amefika. Ondoa dagaa, ondoa maharage, ondoa yai, mwachie ugali na mchuzi, nawe umemwacha mama yako aule mwili wake mwenyewe. Misuli ikiisha huanguka. Akianguka huvunjika nyonga. Akivunjika nyonga hulala. Na akilala, sisi husema: uzee.

Tena dagaa huliwa mzima, pamoja na mifupa yake, na hiyo ndiyo chokaa ya mifupa ya mzee katika nchi ambayo wengi hawapati maziwa. Vilevile yeye, pamoja na migebuka, nyama, mayai na maziwa, ana vitamini B12, ambayo haimo katika muhogo, wala mahindi, wala mboga za majani. Tumbo la mzee hupungukiwa na ile asidi inayosaidia kuipata vitamini hiyo, hata anapokula chakula chenye nayo. Asipokula kabisa, itakuwaje? Mtu aliyepungukiwa nayo kwa muda mrefu huishiwa damu, hufa ganzi miguuni, huyumba anapotembea, husahau, huchanganyikiwa, huongea maneno yasiyo na kichwa.

Hapa nawaomba mtulie mfikiri. Bibi kizee anayeyumba usiku, anayeongea peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini: sisi watu wa magharibi ya Tanzania tumezoea kumpa jina gani? Mnalijua. Wako wanawake wazee waliouawa kwa jina hilo. Ni jambo la kutisha kwamba mtu anyimwe kwanza chakula, kisha ahukumiwe kwa dalili za kunyimwa.

Maji nayo ni chakula. Kiu ya mzee hufifia. Mwili unakauka naye hasikii. Wengine hujizuia kunywa kwa makusudi, kwa kuwa choo kiko mbali na hawataki kumsumbua mkwe usiku. Mzee aliyekaukiwa maji anaweza kuchanganyikiwa kwa siku moja, na akinyweshwa kwa utaratibu akarudi katika akili zake.

2. MAONYO YA HAKI, NA MAONYO YALIYOPOTOKA

Hatupendi kudanganya kwamba kila kilichomo chunguni ni dawa. Shinikizo la damu linawaua na kuwapoozesha wazee wetu, na chumvi ina sehemu kubwa katika kosa hilo. Watu wa mkoa huu wamechemsha chumvi ya Uvinza kwa karne nyingi na kuiuza mbali. Tunaijua thamani yake, lakini hatujui kuipima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani pungufu ya kijiko cha chai kilichojaa, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika samaki. Basi dagaa wa mzee awe aliyekaushwa bila chumvi. Samaki wa chumvi alowekwe na maji yamwagwe. Chai ya sukari vijiko vinne, mara tatu kwa siku, ambayo wengi humpa mzee kama heshima badala ya mlo, si heshima.

Na mawese? Mawese mekundu yana rangi ile kwa sababu ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho. Wanaoyachemsha mpaka yawe meupe huiharibu karotini hiyo. Lakini kama nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, isiyofaa kwa wingi kwa mwenye maradhi ya moyo. Kijiko kimoja katika mboga ni jambo jema. Kukaangia kila kitu, na kurudia mafuta yale yale mpaka yawe meusi, ni jambo jingine.

Kosa kubwa, hata hivyo, ni namna maonyo haya yanavyotumika majumbani. Mzee huambiwa zahanati apunguze chumvi na mafuta. Akifika nyumbani, familia hutafsiri: asile dagaa, asile mboga ya mawese, asile nyama. Kinachobaki ni ugali mkavu na chai. Agizo la kulinda uhai linageuzwa kuwa hati ya kumnyima, tena kwa dhamiri safi, maana "daktari ndiye aliyesema".

3. HOJA ZA WANAOTUPINGA

Wapo wanaosema: "Babu zetu walikula muhogo, wakafika miaka tisini." Tunawaona waliofika, waliokufa sitini tumewasahau. Isitoshe, muhogo wa babu ulikuwa na kitoweo. Aliyevua alikula kwanza, ndipo akauza. Siku hizi dagaa wa Kibirizi na Katonga hukaushwa wakitafutiwa soko la Dar es Salaam na la nchi jirani, na mlaji wa mwisho ni yule aliyekaa mita mia moja kutoka mwaloni.

Wapo wanaosema: "Hana meno." Kinu kimekuwako kabla ya daktari wa meno. Mama anayejua kumlainishia chakula mtoto wa miezi saba hawezi kusema hajui kumlainishia mama mkwe wake.

Wapo wanaosema: "Hataki kula." Ladha hupungua uzeeni, dawa nyingine huondoa hamu, vidonda vya kinywa huumiza. Lakini mwulize pia anakula na nani. Mtu aliyewekewa sahani gizani, peke yake, baada ya wengine kumaliza, hakukosa hamu ya chakula, amekosa ushirika. Na bibi anayelea wajukuu mayatima huacha kula kwa sababu nyingine: amewagawia wao. Huyo hana haja ya mahubiri juu ya lishe. Anahitaji chakula cha kuwatosha wote.

Wapo, hatimaye, wanaosema: "Ni umaskini, Padre." Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Ziwa lenyewe linachoka. Watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza mchanganyiko wa maji ya Ziwa Tanganyika, na kwa hiyo chakula cha samaki kimepungua, na samaki nao. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi upande wetu ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Siipingi nia hiyo. Ziwa lina haki ya kupumzika, na wajukuu wana haki ya kulikuta. Nauliza swali moja tu: katika mipango yote iliyozungumzwa juu ya wavuvi, zana na mapato, ni nani aliyeuliza bibi wa kijijini, asiye na mtumbwi wala soko, atakula nini kwa miezi mitatu?

Lakini umaskini haufuti ule uani nilioutaja. Kunyimwa kwingi hakutokani na chungu kitupu, bali na namna chungu kinavyogawanywa. Na tazameni mazishi yetu! Mzee ambaye hakuonja nyama mwaka mzima, siku ya kuzikwa kwake ng'ombe huchinjwa, wali hupikwa kwa masufuria, michango hukusanywa kwa daftari. Maiti haili. Nimeadhimisha Misa za namna hiyo, nikala pamoja na wengine, na leo chakula kile kinanikaa kooni.

4. DOLA NA WAJIBU WAKE

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza unyonyaji, likawataja wazee pamoja na watoto wadogo na wasiojiweza kuwa ni watu wenye haki ya kutunzwa na jasho la wengine. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulipotangaza misingi ya haki za wazee, uliweka chakula cha kutosha katika msingi wa kwanza kabisa. Serikali yetu ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na tangu hapo tumeona dirisha la wazee katika hospitali na matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo. Tunashukuru kwa hayo, palipo na dawa nyuma ya dirisha.

Lakini tazameni jambo la lishe. Tangu mwaka 2017 wakuu wa mikoa wametiliana saini mikataba ya lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ni jambo jema, na tunaomba fedha hiyo itolewe yote. Lakini shilingi ya mzee iko wapi? Mtoto akipelekwa kliniki hupimwa uzito na mkono wake huzungushiwa utepe. Mzee akifika hupimwa shinikizo la damu akaambiwa asubiri dawa. Mizani iko pale pale ukutani! Kumpima mzee uzito kila mwezi, na kumwuliza alikula nini jana, hakuhitaji mfadhili wala mashine mpya.

Wapo watakaosema kwamba kumlisha mzee ni kazi ya familia, si ya serikali. Kwa nini basi ndugu zetu wa Zanzibar waliweza? Aprili 2016 walianza kumpa kila aliyefikia miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza aliajiriwa wapi, na kiwango hicho kimeongezwa baadaye. Kenya nayo, mwaka 2018, ilianza kuwalipa wananchi wake wa miaka 70 na zaidi. Karibu nasi, Muleba mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lililoanza mwaka 2003 limewapa mabibi wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba fedha ile haikupotea, ilikwenda katika mahitaji ya chunguni, sabuni, na viatu vya watoto wa shule. Huku Bara, pensheni kwa kawaida ni ya aliyeajiriwa. Aliyevuta wavu miaka arobaini, aliyelima maharage yaliyolisha miji, hana kitu. TASAF imesaidia kaya maskini zilizoorodheshwa, nasi tunaithamini; lakini msaada wa kaya si haki ya mzee.

5. KANISA LISIJIFICHE

Tungekuwa wanafiki tukiishia serikalini. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki walifika Ujiji mwaka 1879; Injili hii si mgeni kwetu. Katika sura ya saba ya Marko, Bwana wetu anawakaripia watu walioweka wakfu kwa Mungu mali ambayo ilipasa kuwatunza wazazi wao, kisha wakajiona watakatifu. Mimi nasoma sura hiyo kwa hofu, kwa kuwa nimewahi kupokea zawadi nono za Jubilei kutoka mikono ambayo mama yake alikuwa akinywa uji wa muhogo. Na katika sura ya sita ya Matendo, wajane wasahauliwapo katika ugawaji wa kila siku, Mitume hawakuwaambia wavumilie wala wasali zaidi. Waliweka watu saba na utaratibu. Lalamiko la chakula lilizaa huduma katika Kanisa. Sisi tunaliita manung'uniko ya wazee.

6. TUTENDE NINI

Katika nyumba: mzee apakuliwe kwanza, ale pamoja na wengine, apate kitoweo chenyewe na siyo mchuzi wake. Kabla gunia la dagaa halijafungwa, sado moja ibaki kwa ajili ya kinu cha mzee. Kikombe cha maji kiwe karibu na kitanda chake, na choo au ndoo ya usiku isiwe mbali.

Katika Jumuiya: iandikwe orodha ya wazee wote wa mtaa, Wakristo na Waislamu bila ubaguzi, maana Ujiji ni yetu sote. Kila juma watu wawili wawatembelee wakiuliza swali lile moja: jana ulikula nini? WAWATA wana uzoefu wa kutosha kuongoza kazi hii.

Katika parokia: sehemu ya mavuno yanayoletwa altareni itengwe kwa wazee na itolewe hesabu hadharani. Gharama za mazishi zipunguzwe, nasi mapadre tuanze kwa kukataa kula kwenye sherehe ya mzee aliyekufa na njaa.

Kwa viongozi wetu: zahanati ziwapime wazee uzito, mikataba ya lishe iwataje kwa jina, miezi ya kufungwa ziwa iwe na mpango wa chakula kwa wasiojiweza, na wabunge wa mkoa huu wadai pensheni ya wazee wote mpaka ipatikane.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Nyumbani kwenu ni nani anayepakuliwa mwisho, na kwa nini?
2. Je, yuko mzee mtaani kwetu tuliyesema juu yake "ni uzee tu"? Tumeuliza anakula nini?
3. Mazishi ya mwisho yaligharimu kiasi gani? Kiasi hicho kingemlisha marehemu kwa miezi mingapi?
4. Ni nani katika Jumuiya atakayekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji au diwani juu ya jambo hili, na lini?

Ndugu Wapendwa, sote tunaoisoma karatasi hii tuko njiani kuelekea miaka ile, kama Mungu atatujalia. Watoto wetu wanatutazama tunavyopakua. Kipimo tunachompimia mama leo ndicho wanachojifunza kutupimia sisi.

Tumsifu Yesu Kristo.